Kura Si Tuzo ya Muziki, Staa Wetu

Kuna staa mmoja wa hapa Nairobi, jina naliweka kapuni lakini wengi mtamjua, aliyeingia laivu juzi usiku akiwa ndani ya gari lake jipya. Akatuambia 2027 Wakenya wapige kura kwa simu. Ati foleni ni ushamba. Ati kama mashabiki walimpigia kura za tuzo wakiwa kitandani, na pesa tunatuma kwa M-Pesa kila siku, rais naye anashindwaje kuchaguliwa hivyo hivyo? Vikopakopa vikamiminika kwenye skrini kama mvua.

Wacha nimjibu, maana si yeye peke yake anayesema hivyo.

Tuanze na hizo tuzo. Staa, mwaka ule ulipokosa, ulisema nini? Ulisema kura zimepikwa, ukanuna wiki nzima. Uliofuata ukashinda, na ghafla mfumo ukawa safi kama pamba. Hiyo ndiyo dawa unayoiletea nchi? Tuzo ikipikwa unarudi studio kurekodi wimbo wa kuwachamba waandaaji. Uchaguzi ukivurugwa, watu wanazikwa. Baada ya uchaguzi wa 2007 tulizika zaidi ya elfu moja.

Sasa M-Pesa. Nikikutumia elfu moja, mimi napata ujumbe na wewe unapata ujumbe, majina yetu yote yapo. Pesa zikipotea njia, kuna rekodi ya kufuata. Lakini kura ni siri, haitakiwi kuwa na jina langu. Nikipewa risiti inayoonyesha nimemchagua nani, yule aliyeninunua kwa mia mbili atataka kuiona kabla hajalipa. Mume mwenye mkono mwepesi naye atataka kuiona. Na nikikosa risiti, nitajuaje kura yangu haikubadilishwa njiani? Halafu nyumbani hakuna kile kibanda cha kujificha. Kitandani unakokusifia, kuna anayechungulia begani.

Najua mtaniambia, "Mbona karatasi nazo huibwa?" Kweli kabisa, na 2007 tulitumia karatasi. Waulizeni wazee wetu kuhusu mlolongo wa 1988. Watu walipanga foleni nyuma ya wagombea wa KANU mchana kweupe, na kuna mahali mwenye mstari mfupi alitangazwa mshindi. Huo ulikuwa wizi wa macho makavu. Lakini angalieni jambo moja: waliibiwa, na walijua wameibiwa. Kila aliyesimama pale alikuwa shahidi, na hadi leo hakuna anayeweza kuwadanganya. Kura ikiingia kwenye simu na kupotelea kwenye seva, shahidi ni nani? Ni vijana wachache wa kompyuta. Sisi wengine tunabaki kuamini au kutoamini, kama mambo ya mganga.

Na si kwamba teknolojia hatujaijaribu. 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilizimika vituo vingi, na kwenye skrini za Bomas kura zilizoharibika zikaonekana nyingi ajabu. Baadaye tukaambiwa programu ilikuwa inazizidisha mara nane! 2017 Mahakama ya Juu iliagiza seva zifunguliwe, tume haikuzifungua kama ilivyoagizwa. Zilipokaguliwa fomu zenyewe, baadhi zilikutwa hazina alama za usalama. Septemba 1 uchaguzi ukafutwa. Seva ilinyamaza, karatasi ndiyo iliyosema.

2022 tukafanya kitu cha maana. Fomu 34A za vituo zaidi ya elfu 46 zilipigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mtu azione na kujijumlishia. Makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, nchi ilikuwa na kitu cha kushika mkononi. Mahakamani fomu za asili zikalinganishwa na zile picha, zikaoana. Kuna waliokasirika, ndiyo. Lakini walikasirika wakiwa na hesabu mbele yao. Hapo mashine ilifanya kazi yake: ilibeba picha ya karatasi, haikuimeza karatasi.

Wenzetu wameshajifunza. Namibia ilianza kupigia kura kwenye mashine 2014, lakini mwaka 2020 mahakama yao ya juu ikasema mashine zisizoacha karatasi zinavunja katiba. Wakarudi kwenye karatasi. Ujerumani, mafundi wa magari yote hayo mnayoringia, mahakama yao ya katiba iliamua 2009 kwamba mwananchi wa kawaida lazima aweze kuuchunguza uchaguzi bila kuwa mtaalamu. Mtanitajia Estonia, wanaopiga kura kwa intaneti tangu 2005. Ni kweli, na hata huko walioshindwa 2023 walikwenda mahakamani kuzipinga kura hizo hizo za intaneti.

Na hapo ndipo penye kiini. Mshindi hahitaji kushawishiwa, yeye tayari ana furaha yake. Uchaguzi unafanywa ili aliyeshindwa aone kwa macho yake kwamba ameshindwa. Kuna mheshimiwa mmoja, naye jina naliweka kapuni, akishindwa anapiga kelele "Fungua seva!" na akishinda anatuambia tukubali tusonge mbele. Seva ni ile ile! Watu wa namna hiyo huwezi kuwanyamazisha kwa programu. Utawanyamazisha kwa sanduku lililofunguliwa mbele ya mawakala wao, kura zikahesabiwa kwa sauti na fomu ikabandikwa mlangoni pa kituo.

Kwa hiyo staa wetu, kama kweli unataka kusaidia, una mamilioni ya vijana wanaokufuata. Waambie wajiandikishe. Waambie wapange foleni, hata kama ni ushamba. Waambie wakishapiga kura, jioni wapitie kituoni waipige picha ile fomu iliyo mlangoni kwa hizo simu zao. Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote ambayo simu inaweza kufanya siku ya uchaguzi.

Haya wadau, nimeshasema yangu. Wewe ungelala usingizi kura yako ikiwa kwenye seva usiyoijua?