Mfuko wa Mama Uko Wapi?

Mjamzito wa kijijini Mwazye, hapa Rukwa, akikaribia kujifungua, orodha anaijua hata ukimwamsha usiku: glovu, pamba, nyembe, kibana kitovu, mpira wa kuzalia, beseni, khanga. Baba anakuna kichwa, anauza madebe mawili ya mahindi, vinapatikana. Inaongezwa kofia, soksi, blanketi la mtoto. Nauliza: humo mfukoni, cha mama mwenyewe ni kipi?

Glovu ni za mkunga. Wembe ni wa kitovu. Kofia ni ya mtoto. Mwanamke aliyemwaga damu, pengine akachanika na kushonwa, anarudi nyumbani na khanga iliyolowa na hongera nyingi.

Serikali nayo haichomoki. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliahidi huduma bure kwa wajawazito, na bado glovu tunanunua. Pedi zilifutiwa kodi mwaka 2018, mwaka uliofuata kodi ikarudi. Ila nitakuwa mnafiki nikiishia Dodoma. Takwimu za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Wakunga wetu wanastahili makofi. Lakini kutokufa ni jambo moja, kupona ni jingine, na kupona kunafanyika nyumbani, mikononi mwetu.

Tusijifiche nyuma ya umaskini. Rukwa ni ghala la nafaka la nchi hii, malori yanaondoka na mahindi yetu kila msimu. Na ni Rukwa hii hii ambayo mwaka 2015/16 zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Chakula kipo, kinapita mlangoni kwa mzazi kikielekea sokoni.

Basi mimba ikifika miezi minane, baba ajaze mfuko wa pili. Pedi za kutosha, au vitambaa vya pamba vilivyofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Sabuni na beseni lake peke yake, ajisafishe kwa maji safi ya uvuguvugu. Unga wa ulezi, maharage, karanga, dagaa wa Tanganyika. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, na mtu wa kumkumbusha kuvimeza. Blanketi zito, kwa maana Juni na Julai baridi ya Ufipa haina huruma. Na kuni! Uwanda wetu ni nyasi tupu, kuni ziko mbali. Zirundikwe mapema, asizifuate yeye na mshono mbichi.

Juu ya vyote, nauli isiyoguswa. Shirika la Afya Duniani linataka mzazi akae kituoni angalau saa 24, kisha achunguzwe siku ya pili au ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Damu ikizidi, homa ikipanda, kichwa kikipasuka kwa maumivu, huo si muda wa kwenda kukopa hela ya bodaboda.

Nawasikia wazee: "Mama zetu walijifungua na kesho yake wakashika jembe." Waliosimulia ni walionusurika. Wengine waliachwa makaburini, hawakuulizwa.

Sheria inampa mwajiriwa wa mjini likizo ya uzazi ya siku 84. Anayepindua ntumba, matuta yetu ya Ufipa, kwa jembe la mkono hana sheria ya kumlinda. Ana mume, mama mkwe, mawifi. Likizo yake mnaitoa ninyi au mnamnyima ninyi.

Kwa hiyo baba, kabla gunia la kwanza halijapanda lori, tenga la mama. Kama hulitengi, usituambie unampenda.