Kwani lazima kila anayeimba awe staa?

Jamani, hii tabia tuiache. Kijana akionekana na gita tu, swali la kwanza ni: "Unatoka lini?" Atoke aende wapi? Kama hajarekodi, hana video, tunamwambia anapoteza muda.

Mwaka jana tulikuwa zaidi ya 20, kila Jumapili jioni, Busia upande wa Uganda. Ngoma mbili, na gita lililobaki na nyuzi nne. Mama muuza samaki anaimba, kijana wa bodaboda anaimba, mwenye sauti ya chura (mimi huyo) naye anaimba. Kisha likaja shirika moja na mradi wa vipaji. Wakafanya mchujo, wakachukua watano, wakawapa posho na tisheti. Miezi sita, mradi ukaisha. Wale watano sasa hawafungui mdomo bila posho, na sisi wengine tulishaambiwa hatujui kuimba. Jumapili ikawa kimya.

Ndugu zetu wa mashirika, najua mnatutakia mema. Mnapenda kututajia Geoffrey Oryema: mkimbizi wa Uganda, mwaka 1977 alivushwa kuingia Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari, akaishia Ufaransa, akatoa albamu ya Exile mwaka 1990. Ni kweli. Lakini malizieni hadithi. Nanga alifundishwa na nani? Na baba yake, Erinayo Oryema, mkuu wa polisi kisha waziri, aliyeuawa na utawala wa Amin mwaka huohuo 1977. Mshahara wa mzee ulitoka serikalini, nanga ilikuwa ya nyumbani. Huyo baba angekatwa kwenye mchujo wenu!

Na akogo ya Waiteso, hapa Tororo na Busia zote mbili? Ni ndugu wa likembe ya Kongo. Likembe ilifika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 mikononi mwa wapagazi na vibarua, watu waliopiga vidole wakipumzisha mabega. Wakongo wenzangu, hao ni wa kwetu, na walikuja bila mradi.

Sisemi wanamuziki wasilipwe. Anayeishi kwa muziki alipwe, tena kabla hajapanda jukwaani, maana wengi hapa wanapigishwa harusi mpaka alfajiri halafu wanapewa soda. Lakini kazi ni kazi. Yeye koo likiuma ataimba tu, na wimbo uliomchosha ataurudia kwa sababu mwenye baa anautaka. Sisi wimbo ukituchosha tunacheka, tunaanza mwingine.

Mkitaka kusaidia, leteni nyuzi za gita, ngozi ya ngoma, na chumba chenye taa. Fomu yenu ikiuliza wangapi wamepata kipato, andikeni sifuri.

Jumapili hii tunaanza tena, saa kumi jioni. Wale watano tumewaita. Wawili wamesema watakuja.