Kisu cha Ng'ambo, Jeraha la Nyumbani

Mkenya anayesafiri kwenda India kutibiwa moyo au figo huondoka akiwa na jamii nzima nyuma yake. Harambee huitishwa, jina lake hutajwa kanisani au msikitini, na jamaa humsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa nyimbo na dua. Anayesafiri kwenda kupasuliwa tumbo ili apunguze unene huondoka kimyakimya. Kazini ameaga kwamba anakwenda likizo, majirani wameambiwa kuna semina, na yamkini hata mama mzazi hajui kwamba kabla ya wiki kwisha mwanawe atakuwa amelala kwa nusukaputi katika hospitali ya Mumbai, Chennai au New Delhi. Wote wawili wanakwenda kulala chini ya kisu. Tofauti ni kwamba mmoja amebebwa na watu wake ilhali mwingine amejibeba mwenyewe.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Makala haya yanashikilia kwamba hatari ambayo wasafiri wa aina hii huisahau haiko katika chumba cha upasuaji, bali katika nyumba watakayorejea. Kisu ni cha saa moja au mbili. Jeraha ni la miezi, na masharti yake ni ya maisha. Kwa hivyo, maandalizi yanayohusu tiketi, viza na ada ya hospitali pekee, bila kuihusisha jikoni, familia na daktari wa nyumbani, ni nusu ya maandalizi.

Kwanza ni sharti tuhuma moja iondolewe njiani. Wapo wanaoshikilia kuwa anayekwenda kupasuliwa ni mvivu aliyetafuta njia ya mkato, na kwamba angalifunga mdomo na kukimbia kila alfajiri angalikonda bila gharama. Dai hili halina mashiko. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kuwa takriban asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Idadi kama hiyo haielezeki kwa uvivu wa mtu mmojammoja. Isitoshe, mwili ulionenepa kwa miaka mingi huupigania unene wake: njaa huongezeka na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kila mara mtu anapojaribu kujinyima. Kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini havingoji mtu amalize kulaumiwa.

Upasuaji wenyewe haumfai kila mtu. Wataalamu hutumia kipimo kinachopatikana kwa kugawa kilo za mtu kwa mraba wa kimo chake kwa mita. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991 uliwaruhusu wenye kipimo cha 40 na zaidi, au 35 kwa wenye maradhi yanayotokana na unene. Mwongozo mpya wa mwaka 2022 uliteremsha kiwango hicho hadi 35 kwa yeyote, na kuruhusu hata wenye 30 wafikiriwe ikiwa wana kisukari. Kwa mfano, mtu wa kimo cha mita 1.60 hufikia 35 akiwa na takriban kilo 90. Anayetaka kupunguza kilo 5 ili gauni la harusi limkae vyema hahusiki hapa, na hospitali inayomkubali mtu wa namna hiyo bila maswali imekwisha kujieleza.

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Katika ya kwanza, tumbo hukatwa wima na takriban asilimia 75 hadi 80 yake kuondolewa, kinachosalia kikawa mrija unaofanana na ndizi. Katika ya pili, kijifuko kidogo chenye ujazo wa vijiko viwili vikubwa hutengwa sehemu ya juu ya tumbo, kisha huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba ili chakula kipite kando ya sehemu iliyobaki. Zote mbili hufanywa kupitia matundu madogo ya fumbatio, na zote hubadilisha homoni za njaa na shibe. Katika hospitali zenye uzoefu vifo ni vichache, takriban mtu mmoja kati ya 1,000. Hata hivyo, uchache huo si ajali njema. Hutokana na maandalizi kabla ya kisu na uangalizi baada yake.

Upasuaji huu hufanywa Nairobi pia. Wanaovuka bahari huvutwa na bei nafuu, na wingi wa wagonjwa ambao madaktari wa huko wamekwisha kuwahudumia, na, kwa wengine, ile siri iliyotajwa hapo awali. Hakuna ubaya katika kuchagua. Ubaya ni kuchagua bila kujiandaa. Viza ya matibabu ya India humruhusu mgonjwa aandamane na wasaidizi wasiozidi wawili, na kila msafiri kutoka Kenya hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, chanjo iliyodungwa angalau siku 10 kabla ya safari. Hayo ni ya karatasi. Ya mwili ni mazito zaidi. Damu, moyo, mapafu na sukari hupimwa, na tumbo humulikwa kwa kamera ndogo ili vidonda vigunduliwe mapema. Mvutaji wa sigara hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla. Kwa muda wa wiki mbili hivi mgonjwa hula chakula kidogo chenye protini nyingi na wanga haba ili ini lisinyae, kwa kuwa ini lililojaa mafuta hulifunika tumbo na kumzuia mpasuaji. Anayekula karamu ya kuaga hadi usiku wa kupanda ndege anamwongezea daktari kazi na kujiongezea hatari.

Yapo pia maandalizi ambayo hakuna wakala wa safari atakayeyauliza. Ni daktari gani wa nyumbani aliyekubali, kabla ya safari, kumpokea mgonjwa akirejea? Je, ripoti ya upasuaji itamfikia? Ni hospitali ipi iliyo karibu yenye uwezo wa kufungua tumbo lililokwisha kufunguliwa? Nani atalala nyumba moja na mgonjwa mwezi wa kwanza? Nani atapika? Asiyekuwa na majibu haya hajawa tayari, hata kama amekwisha kulipa.

Umuhimu wa maswali haya hudhihirika siku ya kurudi. Vifurushi vingi vya safari humruhusu mgonjwa arejee kwao baada ya siku chache au wiki moja hivi. Lakini mshono wa tumbo unaweza kuvuja baada ya mgonjwa kutoka hospitalini, wakati mwingine akiwa amekwisha kufika kwao. Dalili zake ni mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, homa, na maumivu ya tumbo ambayo huenda yakapanda hadi begani. Aidha, kukaa kitini saa sita angani baada ya upasuaji huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu na donge lake kusafiri hadi mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa huagizwa kutembea tangu siku ya kwanza, kunywa maji, na kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda ikiwa ameandikiwa. Raia wa Marekani waliokwenda Tijuana, Mexico, kati ya 2018 na 2019, wengi wao kwa upasuaji huuhuu, ni funzo: baadhi yao walipata maambukizi ya bakteria sugu, na maambukizi hayo yakaja kutambuliwa na kutibiwa na madaktari wa kwao, si wale waliowapasua. Kisu kilibaki ng'ambo, jeraha likafunga safari.

Mgonjwa akishafika nyumbani, daktari wake wa kila siku huwa ni mpishi. Ratiba za hospitali hutofautiana kidogo, ila mkondo ni mmoja. Siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa. Hadi mwisho wa wiki ya pili huongezwa maziwa na vinywaji vingine vyenye protini. Wiki ya tatu na ya nne ni chakula kilichosagwa, kisha chakula laini, na baada ya wiki sita hadi nane mgonjwa hurejea taratibu kwenye chakula kigumu. Uji pekee hautoshi, kwa sababu mwili huhitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina takriban gramu 6 tu. Maziwa, mayai, samaki, kuku aliyesagwa na ndengu zilizopondwa ndizo nguzo. Maji hayanywewi pamoja na chakula, bali nusu saa baadaye.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, na ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Karatasi anayorudi nayo mgonjwa imeandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu. Shangazi aliyetoka mashambani kuja kumuuguza haielewi, na mgonjwa mwenyewe huitafsiri kwa kukisia. Agizo la kunywa vimiminika angavu likitafsiriwa neno kwa neno linageuka "maji safi", na shangazi akachemsha maji akidhani ametimiza wajibu. Ilhali Kiswahili hakina ufukara wa msamiati katika jambo hili. Jiko la pwani limevipa vyakula majina kulingana na ulaini wake: supu, uji, rojo, mashendea, mseto, bokoboko. Kadhalika, lugha hutofautisha kunywa kwa kugugumia na kunywa funda moja moja, kula kwa kufakamia na kula kwa kutafuna hadi tonge likawa uji mdomoni. Tofauti hizo ndizo hasa anazohitaji mtu ambaye tumbo lake sasa ni mrija. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ahadi hiyo itakuwa na maana gani ikiwa mgonjwa anaweza kuhukumiwa na hakimu kwa Kiswahili lakini hawezi kuelezwa kwa lugha hiyo namna ya kunywa supu?

Kikwazo kingine ni mazungumzo ya sebuleni. Katika jamii nyingi za Kenya mwili mnene umekuwa ushahidi wa neema: mke aliyenenepa ametunzwa, na kitambi cha bwana ni cheti cha mali. Kukonda nako kulitiwa doa katika miaka ya themanini na tisini, UKIMWI ulipowakondesha wengi kabla ya kuwaua. Anayerejea akiwa amepoteza kilo 30 hukutana na kumbukumbu hiyo machoni pa majirani. Kwa kuwa hakusema alikokwenda, wao hujisemea. Mwenyeji huyuhuyu anayenong'ona ndiye atakayempakulia sahani ya pilau iliyofurika, akisisitiza kwamba mwili haujengwi kwa matofali. Methali hiyo imewalisha watu wengi kwa upendo. Kwa mgonjwa wa mwezi wa kwanza, matonge mawili ya upendo huo ni kutapika usiku kucha, na kutapika kusikokoma huumaliza mwili vitamini B1 kiasi cha kudhuru ubongo na neva. Jamaa aliyeelezwa ukweli angalijua kwamba heshima kwa mgeni huyu ni kikombe kidogo.

Hata baada ya mshono kupona, safari haijakwisha. Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha kwa kawaida huota tena. Ngozi hulegea. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D hutumiwa maisha yote, na damu hupimwa angalau mara moja kila mwaka. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa muda wa miezi 12 hadi 18, na aulize kuhusu njia ya uzazi wa mpango, kwa kuwa vidonge huenda visifanye kazi ipasavyo, hasa baada ya njia ile ya pili. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen, ambazo hununuliwa kwa urahisi katika duka lolote la dawa, zinaweza kumtoboa vidonda tumboni. Muuzaji hatamwonya asiyejitambulisha. Na unene wenyewe unaweza kurudi kwa anayedhani kisu kimemaliza kazi.

Itasemwa kwamba mwili wa mtu ni siri yake, na kwamba hakuna anayepaswa kuutangazia mtaa mzima kilo zake. Ni kweli. Lakini kuna masafa marefu kati ya kutangaza na kumweleza mama, mwenzi wa ndoa na daktari mmoja. Siri inayomlinda mtu dhidi ya kicheko ni haki yake. Siri inayomfanya atokwe jasho na kutetemeka kitandani huku walio chumba cha pili wakidhani ana malaria, hiyo si siri tena, ni mtego.

Yapasa basi wizara ya afya izitake hospitali na mawakala wanaowapeleka wagonjwa ng'ambo wamkabidhi kila mmoja ripoti kamili na maagizo kwa lugha anayoielewa yeye na anayemuuguza. Idara za Kiswahili na za tiba vyuoni nazo zikae meza moja ziyaandike maagizo hayo, kurasa mbili tatu tu, kwa maneno ya jikoni. Naye msafiri, kabla ya kukata tiketi, aketi na atakayempikia, amwonyeshe kikombe na kijiko, na amwambie anakokwenda.