Fundi apime kwanza kabla hatujanunua mota ya kioo

MAGARI mengi yanayobeba biashara zetu katika mwambao wa Kilwa na Lindi yalikwishatumika Japani kabla ya kufika kwetu. Noah, Hiace, Probox na Corolla zimekuja na vioo vinavyopanda na kushuka kwa umeme, ambavyo wengi tunaviita pawa windo. Gari likiwa bado zima, jambo hilo ni raha tupu. Likishakula miaka 15 au 20, kioo cha dereva ndicho huanza kusumbua, kwa sababu ndicho kinachoshushwa mara nyingi: kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao, kwa askari wa barabarani, na kwa vijana wanaouza bidhaa pale Nangurukuru.

Kioo kikigoma, mmiliki huambiwa moja kati ya mambo mawili. Ama mota imekufa na inunuliwe nyingine, jambo ambalo kwa mtu wa Kilwa Masoko maana yake ni kuagiza Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Ama kioo kipandishwe kwa mkono na kuzuiwa kwa kipande cha mbao ndani ya mlango, kisishuke tena. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi yote mawili ni hasara, na chanzo chake ni kimoja: hakuna aliyepima.

Vipimo vingine havihitaji hata fundi. Kwenye mlango wa dereva kuna kitufe cha kuzuia vioo vya abiria. Kikiwa kimebonyezwa, abiria watahangaika na swichi zao bure, na gari halina ubovu wowote. Baada ya hapo itazamwe fyuzi. Kama imeungua, iwekwe nyingine ya kiwango kile kile. Wanaoweka kipande cha waya badala ya fyuzi wanaukaribisha moto ndani ya gari.

Hatua inayofuata ni kusikiliza. Ukibonyeza swichi ukasikia mota inazunguka lakini kioo hakisogei, kununua mota nyingine peke yake hakutakusaidia. Hapo kilichoharibika ni kamba ya chuma inayovuta kioo, meno ya gia, au kishikio kilichoachia kioo. Kama kioo kinapanda kwa kujikokota, huenda raba za pembeni zimekauka na kujaa vumbi. Zisafishwe kwa kitambaa chenye maji, zikauke, kisha zipakwe silikoni. Grisi haifai, kwa kuwa vumbi la barabara za shambani litanata humo na kioo kitazidi kuwa kizito.

Kama mota iko kimya kabisa, hapo ndipo fundi umeme anahitajika pamoja na mita yake. Swali lake la kwanza liwe: je, umeme wa volti 12 unafika kwenye soketi ya mota mtu anapobonyeza swichi? Ukifika na mota isizunguke, hapo tunaweza kuilaumu mota. Usipofika, ubovu uko kwenye swichi au kwenye nyaya. Nyaya hizo hupita ndani ya mpira ulio kati ya mlango na bodi, na hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Baada ya miaka mingi shaba hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Kuunga waya wa namna hiyo hakuhitaji spea yoyote kutoka Dar es Salaam.

Kwetu pwani lipo pia suala la hewa ya chumvi. Vichwa vya shaba ndani ya swichi na soketi huota kutu ya kijani, umeme ukapita kwa shida. Mara nyingi kuvisafisha kunatosha. Aidha, mafundi wengi wakifungua kava la mlango huichana na kuitupa ile nailoni iliyobandikwa nyuma yake. Kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yaliyopenya pembeni mwa kioo yasiingie ndani ya gari. Irudishwe mahali pake, na matundu madogo ya kutolea maji chini ya mlango yazibuliwe, la sivyo mlango utageuka kuwa ndoo.

Wapo watakaosema kipande cha mbao ni rahisi na gari linatembea. Ni kweli linatembea. Lakini Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara kuu ilikatika Somanga na magari yakakwama njiani. Katika hali ya namna hiyo kioo kisichofunga ni mzigo ulioloa, na ni mali iliyo wazi usiku kucha. Kioo kisichofunguka nacho ni hatari: gari likitumbukia kwenye maji, mlango unaweza kukataa kufunguka, na dirisha likawa ndiyo njia pekee ya kutokea.

Nao mafundi wana hoja yao, na ni ya haki. Mteja wetu hulipia spea, halipii kipimo. Fundi akitumia saa nzima kutafuta waya uliokatika, mwenye gari humwuliza kwa nini anadai fedha ilhali hakuweka kitu kipya. Kwa mtindo huo, tunamfundisha fundi kwamba kubadilisha mota kunalipa kuliko kufikiri.

Basi tubadilike pande zote mbili. Mwenye gari akubaliane na fundi malipo ya kupima kabla kazi haijaanza, aoneshwe kipimo mota ikiwa bado kwenye gari, na akabidhiwe kifaa kilichotolewa. Fundi naye awe na mita, na aegemeze kioo vizuri kabla ya kufungua bolti, maana kioo kikishuka ghafla kinaweza kumkata vidole. Chuo cha VETA Lindi kingewasaidia sana mafundi wa Masoko, Kivinje na Nangurukuru kwa kozi fupi ya umeme wa magari, itolewe jioni ili wasifunge gereji zao.

Mkulima hauzi ufuta wake bila kuuona ukipimwa kwenye mizani. Kwa nini anunue mota bila kuona kipimo?