Chai ya Saa Kumi na Kasumba ya Ustaarabu

Liko dai linaloenea katika jiji la Dar es Salaam, nalo yafaa litazamwe kabla halijaota mizizi. Dai hilo husema kwamba kunywa chai ya alasiri katika sebule ya hoteli ya fahari ni alama ya ustaarabu, na kwamba kunywa chai hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kwenye baraza ya nyumba ya Tandika au Mwananyamala, ni kutuliza njaa tu. Halitamkwi waziwazi. Hujionyesha katika picha ambazo vijana hupigana hotelini na kuzisambaza kwa simu. Hujionyesha katika mafunzo ya adabu za mezani yanayoanzia na kuishia kwenye uma na kisu. Na hujionyesha pale mama wa nyumba wa Temeke anapouficha muhogo wake jikoni kwa sababu mgeni aliyebisha hodi amekuja na gari.

Sisi twasema dai hilo ni la uongo, na kwamba hasara yake ni kubwa kuliko bei ya kikombe. Hatuna ugomvi na chai, wala na starehe ya mtu aliyeitolea jasho. Ugomvi wetu ni na mizani inayotumika kupimia utu.

Kwanza na tuitazame chai yenyewe ya hotelini. Mteja huketi katika kiti cha mto, huletewa buli la kaure na sinia la ghorofa tatu: chini sandwichi zilizokatwa kingo, katikati skonzi na jemu, juu keki ndogo ndogo. Huelezwa kwamba hiyo ni desturi ya tangu kale ya watu wa heshima. Kumbe si ya kale sana. Kwa masimulizi ya Waingereza wenyewe, ilianza yapata mwaka 1840 katika jumba la Anna, mke wa kabaila wa Bedford. Siku hizo makabaila walikuwa wamekisogeza chakula cha jioni hadi usiku, na kati ya chakula cha mchana na hicho pakawa na pengo refu. Bibi huyo akaona njaa, akaagiza chai na vitafunio chumbani mwake; kisha akaanza kuwaalika wenziwe. Basi asili ya heshima yote hiyo ni njaa ya alasiri. Njaa hiyo haina tofauti yoyote na ile ya fundi seremala wa Keko anayeweka randa chini saa kumi na kumtuma mwanafunzi wake akalete chai na chapati mbili.

Tena kikombe cha Bedford hakikujazwa bila gharama kwa wengine. Wakati huo majani yalitoka Uchina. Wachina hawakuwa na haja kubwa na bidhaa za Uingereza. Walitaka walipwe fedha. Wafanyabiashara wa Kiingereza wakapata hila: kasumba iliyolimwa India wakaiingiza Uchina kwa magendo, na mapato yake yakanunua chai. Serikali ya Uchina ilipoikamata na kuiteketeza kasumba hiyo mwaka 1839, Uingereza ilipeleka manowari. Vita vilipokwisha mwaka 1842, Uchina ililazimishwa kuitoa Hong Kong. Sukari nayo ilitoka visiwa vya Karibi, ambako miwa ililimwa na watumwa wenye asili ya Afrika hadi Uingereza ilipoanza kuuondoa utumwa katika makoloni yake mwaka 1834.

Kiswahili kimetuhifadhia neno lifaalo hapa. Kasumba ni afyuni. Na kasumba ni mawazo ya kutawaliwa yanayobaki kichwani baada ya mtawala kufunga virago. Wachina waliuziwa ile ya kwanza. Sisi tunajinunulia hii ya pili, na tunailipia kwa hiari yetu.

Wala tusijitakase. Karafuu inayonukia katika chai yetu ilistawi Unguja na Pemba kwa mikono ya watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria huko mpaka mwaka 1897. Mchai wenyewe uliletwa kwetu na Wajerumani, waliouotesha Amani katika milima ya Usambara, na Rungwe, mwanzoni mwa karne ya 20. Neno chai ni la kupokea, na chapati tumeipata kwa Wahindi. Kwa hiyo atakayetuambia kwamba chai ya hotelini ni mbaya kwa kuwa ni ya kigeni hatatupata upande wake. Utamaduni usiokopa hufa kwa kiu.

Lakini kuna kukopa na kukopa. Huko huko Kinondoni, katika magofu ya Kunduchi, yako makaburi yenye minara ambayo wazee waliyapamba kwa vyombo vya kaure vya Kichina. Wazee wale hawakuvipachika vyombo hivyo ili waonekane Wachina. Walikuwa na haja yao, kuwaheshimu waliowatangulia, na kitu cha mbali wakakitia katika haja hiyo. Ndivyo tulivyoifanya chai. Tumeitia tangawizi, iliki na mchaichai. Tumeiweka pamoja na kitumbua, muhogo wa kuchemsha na kiazi kitamu. Hata jina lake tumeligeuza kuwa jina la mlo, kwani tukimwuliza mtu asubuhi kama amekwisha kunywa chai, twamwuliza kama amekula. Skonzi nayo ilitoka kwa Waingereza, ikabadili jina na umbo kidogo, na leo yauzwa katika duka la mtaani bila ya sinia wala maelezo. Huko ndiko kukopa kwa mtu huru: hukitwaa kitu, akakifanya kimtumikie. Limbukeni hukitwaa kitu, akakitumikia yeye.

Hebu sasa tuitazame chai ya barazani kwa macho ya haki, maana wengi huipita wakidhani haina taratibu. Inazo. Anayepita na kuwakuta watu wanakunywa hukaribishwa, awe jirani au mpita njia. Na neno "karibu chai" halisemwi kwa kuchunguza kwanza mavazi yake. Naye aliyekaribishwa hujibu kwa adabu, hata kama ameshiba. Mdogo hummiminia mkubwa maji ya kunawa. Mkubwa hamalizi vilivyomo sahani, hubakiza kwa ajili ya watoto. Hakuna anayetaja bei. Na mazungumzo hayako pale kwa kupoteza wakati: hapo ndipo mtaa unapopanga nani atasimamia msiba, nani amelazwa hospitali na hajatazamwa, mtoto wa nani amefaulu na hana ada. Wahenga waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone" hawakuwa wakipamba maneno. Walijua kwamba mlango uliofunguliwa kwa mgeni humfaa pia aliye ndani.

Katika sebule ya hoteli, hata iwe nzuri namna gani, utaratibu huo hauwezekani. Pale mgeni si mgeni, ni mteja. Hukaribishwa kwa maneno laini, kisha huletewa hati ya kulipa. Asiye na fedha hasemi hodi, kwa sababu mlinzi wa lango amekwisha kumjibu kwa macho. Hatusemi haya kuwalaumu wenye hoteli, kwani biashara ni biashara. Twasema kwamba lisiitwe ustaarabu jambo ambalo limeuondoa ukarimu na kuuwekea bei.

Na mlango huo una historia. Katika mipango ya wakoloni jiji hili liligawanywa kwa rangi za watu. Oyster Bay, iliyo kando ya bahari, ilitengwa kuwa ya Wazungu. Magomeni, Temeke na Kinondoni zilijengwa na kupanuliwa kuwa makazi ya Waafrika, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika hoteli kubwa za zama hizo Mwafrika alijulikana zaidi kama mpishi, mtumishi au dobi, naye alipita mlango wa nyuma. Uhuru wa mwaka 1961 uliufungua mlango wa mbele. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wengi waliosoma walikuwa hodari wa kucheza dansi za Ulaya na Marekani, ilhali ngoma za kwao hawakuzijua hata kwa majina. Leo badala ya dansi tuweke sinia la ghorofa tatu. Yuko kijana wa Mbagala awezaye kueleza kipi kinaanza kuliwa katika sinia hilo, lakini hajui bibi yake huumuaje kitumbua.

Watetezi wa chai ya fahari wana hoja zao, na si haki kuzipita. Husema hoteli zinatoa ajira na kuleta fedha za kigeni. Hoja hii si mpya: mwaka 1970 palikuwa na mjadala mkali juu ya utalii katika magazeti ya Dar es Salaam, na maandiko yake yalikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Sisi hatukani kwamba mhudumu wa hotelini anasomesha wanawe kwa mshahara ule. Lakini ajira ya hotelini haitulazimishi kuamini kwamba anayehudumiwa amekuwa bora kuliko jirani yake. Pia husema kwamba mtu aliyechoka ana haki ya mahali patulivu. Ana haki kweli. Utulivu ni jambo jema, naye aununue akiweza. Lakini atakaporudi nyumbani asiidharau baraza iliyomlea.

Tena na tuulize: chai ile ni ya nani? Mkulima wa Rungwe, Mufindi, Njombe au Lushoto huchuma majani mawili na chipukizi, akayawahisha kiwandani kabla hayajaharibika. Kwa miaka mingi mavuno ya nchi yamekuwa karibu tani 30,000 za chai kavu kwa mwaka, na sehemu kubwa huuzwa nje. Kwa muda mrefu chai hiyo ilipelekwa kunadiwa Mombasa. Mnada wa Dar es Salaam ulizinduliwa Novemba 2023 tu. Ikifika Ulaya, chai ya Afrika Mashariki huchanganywa na ya nchi nyingine, na pakiti hubeba jina la mchanganyaji. Basi ikiwa orodha ya hoteli iliyoko Tanzania yataja kwa fahari majina ya mashamba ya India na Uchina, lakini yanyamaza kimya juu ya Mufindi, nani hapo amestaarabika? Aliyelima na kunyamaziwa, au aliyekunywa asijue anakunywa nini?

Hata hivyo hasara iliyo kubwa haimo katika orodha ya hoteli. Imo majumbani. Mtu akishaamini kwamba heshima iko katika kaure na kiti cha mto, huanza kuona haya kwa kikombe chake cha bati. Kwanza huficha muhogo. Kisha hukopa ili amnunulie mgeni soda na biskuti, maana chai ya rangi "haifai". Mwishowe, akichoka kukopa, huacha kukaribisha. Hodi ikipigwa, watoto hufundishwa kusema kwamba mama hayupo. Hapo ndipo kasumba inapokamilisha kazi yake: mtaa uliokuwa na chakula cha kutosha cha kugawana hubaki na watu waliojifungia ndani, kila mmoja akidhani kwamba alichonacho hakistahili kuonekana. Umaskini wa mfuko haukuweza kuvunja ukarimu wa Temeke. Aibu inaweza.

Kwa hiyo twawageukia walimu na wanafunzi, kwa kuwa shule ndiyo hutengeneza mizani hii au kuivunja. Mwalimu anapofundisha adabu za mezani, aanze na kunawishana, kukaribisha, na kubakiza kwa ajili ya mwingine. Uma na kisu vifuate, kama ufundi mmoja miongoni mwa mingine. Wanafunzi watumwe kwa bibi na babu zao waandike majina ya vitafunio vya kila wilaya, namna ya kuvipika, na maneno yanayosemwa vinapoandaliwa. Hoteli zetu nazo zina wajibu: orodha iandikwe kwa Kiswahili pia, chai ya Usambara na ya Mufindi itajwe kwa jina lake, na kitumbua kiwekwe mezani kwa heshima yake, kisiletwe kama kichekesho cha kuwafurahisha watalii. Halmashauri za jiji nazo zikumbuke kwamba mama lishe ndiye mwenye sebule ya wafanyakazi. Mwaka 2021 wafanyabiashara ndogondogo waliondolewa kando ya barabara nyingi na kuelekezwa maeneo maalumu. Kuliweka jiji katika mpango ni jambo la lazima, lakini mpango usiompa muuza chai mahali penye wanywaji umemnyang'anya yeye riziki na wao baraza.

Huko Coco Beach, katika ile ile Oyster Bay iliyotengwa na wakoloni, watu wa Kinondoni na Temeke hukaa leo juu ya mchanga wakila mihogo ya kukaanga kwa pilipili, wenye magari na waliokuja kwa daladala. Hakuna aliyewapa cheti cha ustaarabu, na hawakukihitaji. Usiache mbachao kwa msala upitao. Anayetaka kwenda hotelini na aende, anywe, afurahi. Lakini saa kumi ikifika nyumbani, na aiweke birika mekoni, autoe muhogo jikoni, na mlango auache wazi.