Magonjwa ya Mimea na Deni la Mwanakiswahili

Aghalabu tunapokutana katika makongamano ya chama chetu, sisi wanafunzi wa Kiswahili huzungumzia istilahi za tarakilishi, za simu na za sheria, tukabishana hadi jioni kama kifaa fulani kiitwe kikokotoo au kikokotozi. Sijapata kusikia mjadala hata mmoja juu ya jina la ugonjwa wa mmea. Hata mimi, mwanafunzi wa fasihi ambaye tasnifu yake ni ya ushairi, mada kama hiyo ingetangazwa ningetoka nje kunywa chai. Nakusudia kueleza katika makala haya kwa nini nimebadili msimamo, na kwa nini nathubutu kusema kwamba utafiti wa magonjwa ya mimea hukwama mahali ambapo sisi, wala si wanasayansi, ndio tuliopaswa kuwapo.

Nianzie nyumbani. Mama yangu anaishi Kayole, na tangu nikiwa mdogo amekuwa akilima kipande cha ardhi ukingoni mwa Mto Ngong. Mgeni aingiapo Eastlands huona magorofa, matatu na nguo zilizoanikwa madirishani; hajui kwamba chini ya nyaya kubwa za umeme, kandokando ya reli na kwenye kingo za mito kuna mashamba yanayolisha nyumba nyingi. Ardhi hiyo si ya wanaoilima. Atakayekuja na tingatinga ndiye mwenyewe. (Kuhusu usafi wa maji ya mto wenyewe, hiyo ni mada ya siku nyingine.) Hata hivyo, sukuma wiki, maharagwe na mahindi ya kipande hicho yamenilipia zaidi ya muhula mmoja wa karo.

Mwaka 2013, mvua za masika zikiwa nzuri, mahindi ya mama yalianza kupauka yakiwa bado kimo cha kiuno. Majani machanga yaliingia mabaka ya manjano kuanzia chini, kisha yakakauka kutoka kwenye kingo kuelekea katikati. Moyo wa mmea ukafa. Yaliyofaulu kubeba yalitoa magunzi membamba yasiyo na punje, na maganda yake yalikauka ilhali bua lingali kijani. Mama alichukua shilingi mia nne akaenda kwenye duka la pembejeo. Muuzaji hakuuliza mengi. "Hiyo ni baridi, mama," alimwambia, "nyunyizia dawa hii." Dawa yenyewe alimpimia katika chupa ya soda, akaibandika kipande cha karatasi chenye neno moja la Kiingereza lililoandikwa kwa kalamu.

Nilikuwa kidato cha pili, nami nilikuwa nimekuja likizoni na kiburi cha kujua Kiingereza. Mama alinipa ile chupa nimsomee. Nilimwambia ni dawa ya kuua ukungu. Alinyamaza kidogo, akaenda akakata jani, akaligeuza mbele na nyuma, kisha akaniuliza: "Ukungu uko wapi hapa, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Dawa ilikwisha kununuliwa, ikanyunyizwa, na mahindi yakafa yote.

Swali hilo limenikaa kichwani miaka mingi, kwa sababu nimekuja kutambua kwamba mama alikuwa sahihi kuliko muuzaji. Alichokosa si akili wala uzoefu. Alikosa neno moja la lugha anayoielewa, na mara alipolipata, japo kwa kuchelewa na kutoka kinywani mwa mtoto, aliweza kuikagua dawa na kuikataa. Laiti karatasi ile ingeandikwa "kiuakuvu", au hata "ya ukungu" tu, zile shilingi mia nne zingebaki kwenye leso yake.

Dalili zile nilikuja kuzisoma baadaye, moja baada ya nyingine, katika maelezo ya ugonjwa ambao wengi wetu tuliujua kwa herufi zake za Kiingereza, MLN. Uligunduliwa nchini Kenya mwezi Septemba 2011 katika eneo la Longisa, Bomet, na kufikia mwaka 2012 ulikwisha kuripotiwa Tanzania na Uganda. Kisababishi chake ni virusi vya aina mbili vinavyokutana katika mmea mmoja. Aina ya kwanza ni ya batobato la miwa, nayo haikuwa ngeni kwetu. Ya pili ilitambuliwa kwanza nchini Peru katika miaka ya 1970, na ugonjwa wenyewe ulionekana Kansas, Marekani, mwaka 1976. Kila aina peke yake hudhoofisha mhindi, zikikutana, huuangamiza. Wadudu wadogo kama vidukari ndio wanaovihamisha virusi hivyo kutoka mmea hadi mmea, na mbegu pia yaweza kuvibeba.

Wanasayansi hawakulala. Mwaka 2013, mwaka ule ule wa mahindi ya mama, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya (KARI, ambayo sasa ni KALRO) pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Kuboresha Mahindi na Ngano (CIMMYT) walifungua kituo maalumu huko Naivasha, ambako maelfu ya vizazi vya mahindi yameambukizwa kwa makusudi ili kubaini vinavyostahimili. Mbegu kadhaa zenye ustahimilivu zimetolewa tangu hapo. Ushauri kwa mkulima nao uko wazi: hakuna dawa inayoponya mmea ulioambukizwa. Ng'oa. Usipande mahindi juu ya mahindi. Badilisha na maharagwe, kunde au viazi. Nunua mbegu iliyothibitishwa. Pandeni kwa wakati mmoja, kisha muache muda shambani pasiwe na mhindi hata mmoja, ili virusi vikose pa kukaa.

Tafadhali lisome tena sharti hilo la mwisho ukiwa na picha ya ukingo wa Mto Ngong. Pale watu hawangoji mvua, kwa kuwa maji yako karibu. Mmoja anavuna na mwenzake anapanda, na vipande vimepakana kama vyumba vya ploti. Mama aking'oa leo ilhali jirani ameacha yake yakisubiri "baridi" ipite, kazi ya mama ni bure. Njia hii ya kudhibiti ugonjwa haiwezi kutekelezwa na mtu mmoja. Inataka watu thelathini wasiojuana vizuri, waliotoka Machakos, Kakamega, Murang'a na Siaya, wakubaliane kuwa wanazungumzia kitu kimoja. Na watakubaliana kwa lugha gani, kama si hii yetu?

Katika likizo iliyopita nilichukua daftari nikapita katika vipande hivyo, nikiwauliza akina mama na wazee wachache majina ya magonjwa wanayoyaona. Sikufuata mbinu yoyote ya kisayansi ya kuteua sampuli, naomba walimu wangu wanisamehe. Niliyoyakuta yalinifundisha mambo ambayo kozi ya istilahi haikunifundisha.

Chukua sukuma wiki. Kuna ugonjwa unaoanzia ukingoni mwa jani kwa pembe ya manjano iliyochongoka kuelekea ndani, na vijishipa vya jani hugeuka vyeusi. Vitabu vya kilimo huuita uozo mweusi. Huletwa na bakteria, hujificha kwenye mbegu, na huruka kutoka jani hadi jani pamoja na matone ya maji. Niliowauliza waliuita "kuungua". Jina zuri, kwa maana jani hufanana kweli na kitu kilichobabuliwa na moto. Lakini kitu kilichoungua hutiwa maji! Mama mmoja alinionyesha kwa fahari jinsi anavyoimwagilia mimea yake "iliyoungua" mara mbili kwa siku, tena kwa mkebe uliotobolewa, maji yakianguka juu ya majani. Alikuwa akiusambaza ugonjwa kwa mikono yake, kwa bidii, kwa kulitii jina.

Au chukua hiyo "baridi" yenyewe. Wengi niliowauliza huitumia kwa nyanya na viazi vinaposhikwa na bakajani chelewa, ugonjwa ule ule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Jina hili si la kijinga. Ugonjwa huo hupenda hali ya ubaridi na unyevu, na aliyeuita baridi alikuwa ameangalia anga kwa makini. Tatizo ni kwamba baridi haiambukizi. Anayeamini amepigwa na baridi husubiri jua. Hang'oi miche iliyougua, hazikusanyi nyanya zilizooza, wala haoni sababu ya kumwonya jirani. Isitoshe, neno hilo limetanuka hadi likafunika kila kinachokausha jani, yakiwamo mahindi ya mama.

Basi wale wanaosema kwamba tukusanye tu msamiati wa wakulima na kuusifu kama ulivyo wananishawishi nusu. Jina ni utambuzi wa ugonjwa, na utambuzi waweza kukosea. Lakini wale wanaotaka tuunde istilahi maktabani tukiwa na kamusi za Kilatini wananishawishi kwa uchache zaidi. Niliwatajia akina mama wale neno "vidukari" kwa wadudu ambao wao huwaita chawa wa sukuma. Walicheka sana, mmoja akataka kujua kama hao ni watu wenye maduka madogo madogo. Neno hilo ni sanifu na limezoeleka katika vijitabu vya kilimo vya Tanzania, lakini pale Kayole lilikuwa mzaha.

Kuna njia ya tatu, nayo si mpya. Tazama neno batobato. Huko Amani, katika Milima ya Usambara, Wajerumani waliasisi kituo cha utafiti mwaka 1902, na katika miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey na wenzake, chini ya Waingereza, walichunguza pale ugonjwa wa batobato la muhogo unaoenezwa na nzi weupe, wakazalisha mihogo yenye ukinzani kwa kuuchanganya muhogo na jamaa yake, mpira wa Ceara. Kazi hiyo ya utafiti baadaye ilihamia Muguga, mwendo mfupi kutoka hapa Nairobi. Ripoti zao ziliandikwa kwa Kiingereza. Neno batobato, hata hivyo, limekaa katika Kiswahili cha mashambani na cha vitabu kwa pamoja. Mtu akilisikia tu, silabi zake zilizorudiwa humpa picha ya jani lenye mabaka. Anayelima analielewa na mtaalamu halionei haya.

Nimemwuliza mama aliuitaje ugonjwa wa mahindi yake baada ya kuukataa ukungu. Alinijibu bila kufikiri: "Uzee. Yalizeeka yangali matoto." Nimelitafakari jibu hilo kama mtu wa fasihi na kama mtoto wake, na sijaona bado istilahi iliyo karibu zaidi na dalili: kukauka kabla ya wakati, kuanzia kingoni, bua likiwa kijani. Lakini upungufu wake nauona pia. Uzee, kama baridi, hauambukizi. Labda "uzee wa kuambukiza". Labda mtu mwenye sikio zuri kuliko langu atapata neno moja litakalobeba yote mawili. Hilo si swali la maabara. Ni swali la mofolojia, la sitiari na la upokezi, yaani mambo ambayo sisi hutahiniwa kila mwaka.

Najua nitaambiwa kwamba vijana wa Eastlands huzungumza Sheng, na kwamba maneno yetu hayatawafikia. Wanaolima mtoni si vijana, kwa sehemu kubwa. Na hata hao vijana hununua dawa dukani kwa Kiswahili. Nitaambiwa pia kwamba kazi hii ni ya serikali. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, hivyo dai hilo lina haki yake. Ila mwenzangu anayengoja serikali impe jina la ugonjwa wa sukuma wiki anafanana sana na yule anayengoja jua liondoe baridi.

Daftari langu lina kurasa kumi na moja hadi sasa, na nusu yake nadhani nimekosea, kwa sababu sijui kutofautisha jani lenye kuvu na lenye bakteria. Nahitaji mtu anayejua. Wenzetu wa kilimo wako Upper Kabete, nauli ya matatu moja au mbili kutoka madarasani mwetu, na wao kwa upande wao hawajui ni kwa nini "vidukari" huchekesha. Ninapendekeza kamati ya chama iwaalike muhula ujao, si kwa kongamano la hotuba, bali kwa Jumamosi moja tukiwa na majani halisi mezani. Wanaotoka Kisii walete majina ya migomba inayonyauka, wa Nyandarua walete ya viazi, wa Kilifi walete ya mihogo. Mimi nitaleta sukuma wiki iliyoungua, na mama amesema atakuja mwenyewe kama kutakuwa na nauli.