Hifadhidata Isiyohifadhi: Nyenzo Inayomfaa Mtafiti wa Ushairi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeupokea wosia huo kwa mikono miwili. Kila shairi tunalolinakili na kila msamiati tunaoukusanya nyanjani hutiwa katika tarakilishi na kuhifadhiwa. Hata hivyo, hoja ya makala haya ni kuwa kuhifadhi pekee hakutoshi. Mtafiti wa fasihi anahitaji pia mahali pa kufanyia majaribio ambapo hapabaki chochote kazi inapokwisha. Mahali hapo ni hifadhidata ya muda, ile inayoundwa katika kumbukumbu ya tarakilishi bila kuandikwa kwenye diski.

Huenda msomaji akauliza: hifadhidata isiyohifadhi ina manufaa gani? Kwa hakika istilahi yenyewe inatupotosha kidogo. Hata wale wanaosema kanzidata wanatukumbusha kuwa kanzi ni hazina, na hazina huwekwa ili ikae. Lakini kiini cha hifadhidata ni mpangilio. Data hupangwa katika majedwali, kisha huulizwa maswali kwa lugha maalumu iitwayo SQL. Majedwali hayo yawe kwenye diski au katika kumbukumbu, maswali ni yale yale.

Nyenzo hii haihitaji mtambo mkubwa wala ada. Mwaka 2000, D. Richard Hipp wa Marekani alitoa programu ndogo ya hifadhidata iitwayo SQLite. Tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006, lugha ya Python huja na moduli ya kuiendesha. Mtumiaji akitaja jina la faili, hifadhidata huundwa kwenye diski. Akiandika ":memory:", pamoja na nukta pacha za pande zote mbili, huundwa katika kumbukumbu na hutoweka pindi muunganisho unapofungwa.

Tuchukue mfano wa mashairi ya Kimvita. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilitufikia kwa jitihada za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya na kumfikishia W. E. Taylor katika karne ya 19. Mtafiti wa leo anayezitia tungo za aina hiyo katika tarakilishi hukabiliwa na kishawishi cha kuzisanifisha: mato yawe macho, nti iwe nchi, ndia iwe njia. Mabadiliko hayo si ya sura tu. Katika ubeti ambao kina chake ni "to", neno macho huvunja kina. Isitoshe, tarakilishi ikiamriwa kubadilisha herufi bila kujali mipaka ya maneno, matokeo huwa "machokeo" na binti huwa "binchi". Haya yakitendeka katika faili moja tuliyo nayo, Kimvita kimetoweka, na msomaji wa kesho hatajua lipi ni la malenga na lipi ni la mtafiti.

Hifadhidata ya muda inatuepusha na balaa hilo. Programu husoma faili ya asili bila kuigusa, kisha hujaza jedwali lenye nambari ya ubeti, mshororo, ukwapi, utao, kina cha kati na kina cha mwisho. Kwa kuwa silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, kuvitambua vina si kazi ngumu. Mtafiti husanifisha ndani ya jedwali hilo, kisha huuliza: ni mishororo ipi iliyopoteza kina? Akipata jibu hufunga muunganisho, na akina "binchi" hutoweka pamoja nao. Hati ya asili hubaki salama. Kupotea njia ndiko kujua njia, na hapa mtafiti anaweza kupotea mara kumi kwa siku bila hasara.

Faida ya pili ni ya uaminifu wa kitaaluma. Jedwali linalorekebishwa kwa mkono kwa miezi mingi halisimulii lilivyofika lilipofika. Hifadhidata isiyobaki humlazimu mtafiti kuziandika hatua zake zote katika programu. Msimamizi au mtahini anaweza kuiendesha programu hiyo juu ya hati ile ile na kuyahakiki matokeo. Hesabu zinazotajwa katika tasnifu hazitategemea tena imani tu.

Wapo watakaosema kuwa umeme ukipotea, kazi yote imekwenda na maji. Ni kweli kwa yule anayechapa data yake moja kwa moja katika kumbukumbu, na hilo halifai kamwe. Kanuni ni nyepesi: hati ya asili na programu zikae kwenye diski, tena mahali zaidi ya pamoja, katika kumbukumbu kiwekwe tu kile kinachoweza kuundwa upya. Wengine watahofia nafasi, ila diwani nzima ya mashairi ni mzigo mdogo mno kwa tarakilishi ya kawaida.

Wapo pia watakaodai kuwa haya ni ya wanafunzi wa sayansi ya kompyuta. La hasha! Mwanasayansi wa kompyuta anajua kuunda jedwali, lakini hajui kuwa linahitaji safu ya ukwapi na utao. Tukimwachia kazi hii, tutapata hesabu za maneno zisizojua kina wala mizani.

Kwa hivyo, idara zetu za Kiswahili zitenge angalau warsha moja kila mwaka ya kuwafunza wanafunzi wa uzamili stadi hizi, nacho chama chetu kiwe mstari wa mbele kuziandaa. Mafunzo yatolewe kwa Kiswahili, na mifano itoke katika tungo zetu. Daftari walilotuusia wahenga tulitunze, lakini tusiendelee kufanyia majaribio ndani yake.